Nilivyoinasa query iliyokwamisha lori la stroberi za Uluguru

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi wala pilipili. Atakayeona najisifu yuko sahihi, najisifu.

Mimi ni dada wa IT, mkazi wa Mafiga. Ofisi yetu iko Mwembesongo, ni ushirika wa wakulima wa milimani, jina lake niachieni.

Data zetu ziko kwenye graph database. Kwa wasioijua, hii inatunza vitu pamoja na uhusiano wake: mkulima huyu anapeleka mzigo kituo kile, kituo kile kinafikika kwa barabara hii. Mvua ikikata njia, unaiuliza na inakupa njia nyingine.

Niliipigania mimi. Bosi alitaka Excel.

Sasa ilikuwa siku ya mzigo, saa mbili asubuhi. Kina mama wameshashuka kituoni na stroberi vichwani, lori liko tayari. Dereva anasubiri orodha ya vituo vya kupitia, screen inazunguka tu.

Stroberi, wakuu, jua likishapanda zinaanza kutoa maji. Hapo hakuna mnunuzi.

Bosi akaja mezani kwangu. "Zima, washa!"

Nikakataa. Server yetu ikizimwa inachukua muda mrefu kuamka, na vituo vyote vilikuwa katikati ya kuingiza mzigo.

"Haya," akasema, "zikiharibika utawaeleza wewe hao kina mama."

Nikafungua orodha ya query zinazoendelea, yaani maswali yote ambayo database inayajibu kwa wakati huo. Foleni ndefu! Kwa kiherehere changu nikaanza kuua, yaani kuzikatisha, za vituo, kwa sababu ndizo zilikuwa nyingi. Hakuna kilichobadilika, nikaishia kupigiwa simu za lawama. Hapo nilichemka, nakiri.

Nikatulia. Nikaipanga orodha upya kwa muda ambao kila query imetumia. Kumbe zile nyingi zilikuwa zinasubiri tu. Juu kabisa kulikuwa na moja, imeanza kabla hata sijafika ofisini, imekamata karibu memory yote.

Akaunti ni ya Mwalimu Kibwana, mstaafu anayetuandikishia wakulima na familia zao. Ndiye aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Kumkatia kazi kimyakimya nikaona si adabu, nikampigia.

"Shikamoo mwalimu. Kuna kitu umeuuliza mfumo asubuhi hii?"

"Marahaba mwanangu. Nimeuliza ndugu wa mkulima wetu, Bi Mwanahawa, wanaolima stroberi, tuwaite kwenye mafunzo. Mpaka sasa haujajibu."

"Uliuwekea mwisho wa kutafuta?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Lo! Ndugu wa Mluguru bila kuweka mwisho? Si nimeuliza mlima mzima hapo! Ikate, mama, ikate."

Kwa wageni wa huku: ukoo unafuata upande wa mama, na koo zimeoleana miaka na miaka. Query ilikuwa inatoka kwa mama inaenda kwa mjomba, inaingia kwa mke wake, inaendelea. Isingemaliza leo.

Nikaua hiyo moja tu. Screen zote zikafunguka, dereva akapata orodha, lori likaondoka na stroberi zikiwa nzima. Bosi akasimama nyuma yangu akasema, "Safi sana, fundi." Nilijisikia raha, sifichi.

Baadaye nikaweka kikomo cha muda, na utafutaji wa ndugu usizidi hatua nne. Kisha nikairudia query ya mwalimu. Majibu yakaja hapo hapo.

Kwenye njia mojawapo likapita jina la marehemu bibi yangu, mzaa mama. Bi Mwanahawa ni mtoto wa dada yake bibi. Ni mama yangu mdogo, wakuu, na alikuwa pale kituoni asubuhi ile na kapu lake, nami sikuwahi kumjua.

Jumapili nikapanda kumsalimia. Nilikuta ameshapewa habari na mwalimu, na ameshawatangazia majirani kwamba aliyelifungua lori ni mtoto wa dada yake.

Nilichojifunza: server ikielemewa, tafuta query iliyokaa muda mrefu kuliko zote, usihangaike na zinazolalamika. Na mpigie mwenyewe kabla hujaiua, huenda anajua usichokijua.

Haya, mnaoamini zima-washa njooni mjitetee. Mtoto wa dada yake Bi Mwanahawa nipo hapa.