Kilo za Bei Rahisi

Katsumi alikuwa na gari dogo jeupe la milango miwili, na hamu moja tu: kuuzunguka uwanja wa mbio wa kule milimani chini ya dakika moja. Kila mara dakika ilimponyoka kwa kufumba na kufumbua.

Gari jepesi ndilo linalokimbia. Hilo kila mtu pale mjini Ota, Japani, analijua, maana nusu ya mji wanakula kwa jasho lao kwenye viwanda vya magari. Basi Katsumi akaanza kulivua gari lake kama anayemenya kitunguu. Kwanza zulia. Halafu kiyoyozi, na joto la kiangazi la kwao si la mchezo. Akawa anafika kazini amelowa chapachapa. Mwisho kiti cha abiria.

"Sasa mimi nikae wapi, kwenye buti?" akauliza Nobuhide, rafiki yake wa kiwandani.

"Panda treni, bwana."

Likabaki boneti la chuma. La nyuzi za kaboni lilikuwa jepesi kama ungo, ila bei yake ingemeza mishahara miwili. Nobuhide akamtomasa tumbo kwa kidole. "Kilo za bei rahisi hizi hapa. Unaziokota mgahawani kwa Bi Tomeko kila Jumamosi."

Wenzake wakacheka. Katsumi mzaha ule aliumeza kama dawa.

Jumamosi hiyo hakwenda kula tambi kwa Bi Tomeko. Wala iliyofuata. "Gari lako linakula vizuri kuliko wewe," wakamtania, wakamsihi, kisha wakazoea. Jioni alikaa chumbani na bakuli la kabichi, akisikiliza vyombo vya majirani vikigongana. Suruali zikampwaya.

Agosti akaenda uwanjani peke yake. Safari hii alimaliza mzunguko kabla dakika haijatimia. Akazima injini, akageuka pembeni aseme neno. Pembeni palikuwa na bati tupu.

Akampigia Nobuhide. "Nimeipata."

"Acha wee. Hongera, ndugu yangu." Nyuma yake vicheko na mabakuli. "Tuko kwa Bi Tomeko. Sikukwambia, si siku hizi huli?"

"Leo ningekula."

"Ungesema, Katsumi. Ndiyo tunanyanyuka hivi."

Katsumi akasema si kitu, wataonana Jumatatu. Kwenye duka la uwanjani yalibaki matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani. Akayanunua yote, akaketi kivulini mwa gari, akala polepole. La pili likamshinda. Tumbo lilikuwa limeshasinyaa.