Bahasha ya Mto Brazos

Mdomo wa Prudensia ulikuwa hauna mlango. Kwao Kamachumu, mkoa wa Kagera, watu walimtania kwamba angezaliwa mwanamume angekuwa mshenga na kula mbuzi wa kila posa. Alipofika Texas mwaka 1997 mdomo ule ulisafiri naye bila tiketi, na hata kazi aliyoipata, ya kuhudumia wazee majumbani mwao, aliipenda kwa sababu wazee wana nafasi ya kusikiliza. Alikaa DeSoto, akaendesha gari kila asubuhi hadi Arlington, na kwa miaka miwili ya mwisho ya habari hii alikuwa na mgonjwa mmoja tu: Mzee Tarrigan.

Mzee huyu alikuwa na miaka themanini na sita. Enzi za nguvu zake alikuwa mpima ardhi. Mke alishatangulia, mtoto hakujaliwa, na sasa moyo wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba muuguzi aliyemtembelea kila wiki alikuwa ameacha kumdanganya. Kilichomweka hai kilikuwa chumba cha nyuma, chumba cha jina lake.

Ukutani mle alibandika ramani mbili, moja ya Ireland na moja ya Amerika, na juu yake pini nyekundu zilizoungwa kwa nyuzi. Kila pini ilikuwa nyumba ya akina Tarrigan. Prudensia alikuwa akipangusa vumbi huku mzee akimsomesha. Zamani, alisema, waliitwa O'Tarrigan, na hiyo O' maana yake ni mjukuu, yaani wote ni wajukuu wa Tarrigan mmoja aliyechunga ng'ombe kwenye kilima fulani karibu miaka elfu iliyopita. Waingereza walipotawala, wengi wakaidondosha hiyo O' ili wasibughudhiwe. Kisha viazi vikaoza ardhini, njaa ikaingia, watu wakafa kando ya barabara midomo ikiwa ya kijani kwa kula majani, na waliobaki wakapanda meli. Ndugu wawili wakashuka New Orleans, wakaja Galveston, na mmoja wao akapanda na mto Brazos hadi kwenye pamba.

"Jina ni mbegu, Pru," mzee alisema. "Ukiliona popote, ujue mkono uleule uliipanda."

Prudensia aliitikia, lakini moyoni alicheka. Kwao Wahaya ukoo haukai kwenye jina. Baba yake alikuwa Wilbroad, mama yake Anastasie, na kila mtoto alipewa jina lake peke yake; ofisi za Wamarekani zilimtoa jasho kuwaeleza kwa nini yeye na mwanawe Edson hawana jina moja la mwisho. Ukoo unajulikana kwa mwiko wake, mnyama msiyemla. Mkitaka kuoana mnaulizana: nyinyi mwiko wenu nini? Ama majina kufanana ni kwamba padri alifungua kalenda ya watakatifu siku ileile, basi.

Vitu viwili tu mle chumbani hakuvipenda. Kimoja kilikuwa pini nyeusi, iliyochomekwa penye mto Brazos, chini kidogo ya Houston. Uzi uliingia pale na haukutoka. Siku moja aliuliza ni nani anakaa hapo.

"Hapo hapakai mtu," mzee alisema, na siku nzima hakumsomesha tena.

Cha pili kilikuwa bahasha ya kaki katika droo ya chini, imefungwa kwa uzi wa jikoni. Alipoigusa akipangusa, mzee, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti, alimkemea kama anayefukuza mbwa mezani. Prudensia aliifunga droo.

Ikaja Machi ya 2004. Edson, aliyekuwa fundi wa mashine za eksirei huko Houston, akapiga simu Jumapili baada ya misa.

"Shikamoo mama. Nimepata mchumba."

"Marahaba baba! Mhaya?"

"Mama, please. Mmarekani. Mweusi mwenzetu. Anaitwa Latrice, Latrice Tarrigan."

Prudensia akaangua kicheko. "Tarrigan? Kama mzee wangu wa Arlington?"

"Eti eeh? Labda ni ndugu."

"Ndugu wapi! Wilbroad wako wangapi Kamachumu, wote ndugu? Niambie kwao ni wapi, na mwiko wao nini."

"Mwiko hawana, mama, hawa wanakula kila kitu. Lakini bibi yake ndiye aliyemlea, na anataka akuone kabla sijavisha pete. Aliwahi kuniambia kwao asili ni mashamba ya huko mto Brazos."

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga, na hawakusema bure. Jumanne asubuhi, akimlisha mzee uji wa shayiri, Prudensia alimwaga habari yote, kwa furaha tu, ili kumchangamsha mgonjwa. Mwanangu anaoa! Na binti ana jina lako!

Mzee alikisukuma kijiko.

"Ni mweusi?"

"Kama mimi."

"Watu wake wametoka wapi?"

"Mashamba ya mto Brazos."

Hakuuliza zaidi. Aliomba asukumwe hadi chumba cha nyuma, akakaa mbele ya ramani mpaka saa sita, na chakula cha mchana kikarudi jikoni kama kilivyotoka. Prudensia alidhani ni ugonjwa. Mungu amsamehe, ndivyo alivyodhani.

Alhamisi alimkuta mzee ameshaing'oa ile pini nyeusi mwenyewe, ingawa mkono wake kwa siku zile haukuweza hata kifungo cha shati. Pini ilikuwa kwenye kiganja chake. Akamwonyesha droo ya chini.

"Nikifa, watu wa chama cha historia watakuja kuchukua kila kitu humu. Hiyo wasiione. Kaichome, Pru. Nataka nione moshi."

"Mzee, hiyo si karatasi ya familia yako?"

"Ndiyo maana."

Angekataa? Wewe unayesoma umekaa vizuri utasema angekataa. Lakini Prudensia alilelewa akijua kwamba neno la mtu aliye mlangoni mwa kaburi halirudishwi. Ukiuvunja wasia unakufuata, unalala na watoto wako. Aliwahi kuwaona waliolipuuza neno la babu yake, na jinsi nyumba yao ilivyoisha. Na juu ya yote alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu. Akaichukua bahasha.

Nyuma ya nyumba palikuwa na jiko la kuchomea nyama. Aliwasha mkaa huku mzee akimtazama kupitia mlango wa kioo, blanketi magotini. Uzi ulikataa kufunguka, akaukata kwa kisu. Ndani mlikuwa na karatasi tatu kuukuu, zimeandikwa kwa mkono mwembamba uliolala upande. Mbili zilishika moto mara moja. Ya tatu upepo wa Machi uliinyanyua, ikatua ukingoni mwa jiko kama inayotaka kushuka, na Prudensia alipoibana kwa koleo macho yake yakasoma mstari wa juu. Keziah, miaka kumi na tisa, na mwanawe Prince. Alikumbuka jina hilo la Prince kwa sababu mpwa wake wa Muleba anaitwa Queen, na kwa nukta moja alitabasamu: kumbe na wazungu nao! Chini ya mstari ule palikuwa na mistari mingine mingi. Hakuisoma. Aliisukuma karatasi katikati ya makaa na kuishikilia pale na koleo mpaka ikawa majivu, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi.

Alipogeuka, mzee alikuwa analia. Hakumwuliza kwa nini, na ndiyo mara pekee katika maisha yake ambapo mdomo ule ulinyamaza mahali ulipopaswa kusema.

Mzee Tarrigan alifariki Jumatatu iliyofuata. Mazishi yalihudhuriwa na watu tisa.

Baada ya wiki mbili Prudensia aliendesha gari kwa saa nne hadi Houston, kufanya kazi ya mama mwoza: kuuchunguza ukoo anaokwenda mwanawe. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kubeba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna iliyotoka nyumbani, maana Mhaya haanzi maneno mazito mdomo mkavu. Njia nzima mbingu ilikuwa imeshuka, nzito na ya kijivu, na mara mbili alitaka kugeuza gari bila kujua anaogopa nini.

Bibi Earline Tarrigan alikaa Sunnyside katika nyumba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe. Alikuwa mwalimu mstaafu, miaka sabini na minane, mgongo umenyooka. Alizipokea kahawa kwa mikono miwili, akatafuna moja, akakunja uso, akacheka. Latrice alileta chai ya barafu na kukaa karibu na Edson. Mambo yalianza vizuri.

"Kwetu," alisema Prudensia kwa Kiingereza chake cha kujitosheleza, "kabla ya ndoa tunauliza. Nyinyi ni watu wa nani?"

Bibi Earline aliweka bilauri chini. "Swali hilo nimeliuliza miaka arobaini," alisema. "Njoo nikuonyeshe."

Akamwongoza hadi chumba cha nyuma, Edson na Latrice wakifuata, na alipofungua mlango Prudensia alisimama kizingitini. Ukutani palikuwa na ramani. Palikuwa na pini na nyuzi, Houston, Galveston, Chicago, Los Angeles, zote zikitoka mahali pamoja, penye mto Brazos, chini kidogo ya Houston. Pini ya pale ilikuwa nyeusi.

"Jina si letu," alisema Bibi Earline. "Ni la mtu aliyetumiliki. Mwenyewe alikimbia njaa kwao, akaja huku akanunua watu. Uhuru ulipofika, babu yangu, mtoto bado, alipoulizwa jina la kuandikisha akataja lile alilolijua. Sensa ya 1870 inamtaja: Prince Tarrigan, miaka kumi na moja. Nyuma ya hapo ni ukuta. Watumwa hawakuandikwa majina, waliandikwa umri na jinsia, kama mifugo. Mama yake alifariki kabla ya uhuru, na yeye alimjua kwa jina la Mama tu. Alikufa akimlilia Mama, mtu mzima yule, mimi nikiwa na miaka tisa nimeshika taa."

Edson alimtazama mama yake. Macho ya mama yalikuwa kwenye pini nyeusi.

"Lakini babu alikuwa anasema mwenye shamba aliandika orodha yenye majina, akina mama na watoto wao, na orodha ilibaki katika familia yao," Bibi Earline aliendelea. "Nikamtafuta wa mwisho wao. Mzee mmoja huko Arlington. Nimemwandikia mara tatu. Ya tatu alijibu."

Akatoa barua kwenye jalada. Prudensia aliujua mwandiko kabla hajaishika: ni uleule wa orodha za dukani alizokuwa akiachiwa mezani kila Ijumaa. *Hapa hakuna kitu.* Mstari mmoja tu, na sahihi.

"Alidanganya," alisema Bibi Earline kwa utulivu. "Mtu asiye na kitu angeandika barua ndefu. Basi nangoja. Ni mzee kuliko mimi, atatangulia, na vitu vyake vitatoka. Nilimwambia Latrice harusi isubiri kidogo, nataka nisimame kanisani nitaje mpaka mama wa Prince."

Prudensia angeweza kumeza. Hakuna aliyejua. Mzee alikuwa ardhini, majivu yalikuwa yameshazolewa na taka, na mwanawe alikuwa amekaa kule sebuleni muda mfupi uliopita akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuiona usoni pake tangu baba yake afe. Wasia wa maiti ulimvuta upande mmoja, na upande wa pili alisimama binti wa miaka kumi na tisa na mtoto mgongoni, akiwa katikati ya makaa. Alikuwa na hofu ya wote wawili.

"Alikufa," alisema. "Wiki mbili sasa. Mimi ndiye niliyemwosha."

Kisha akasema yote. Alieleza uji wa shayiri, pini, koleo. Aliposema upepo uliinyanyua karatasi, Latrice alikwenda kusimama kando ya bibi yake na kuuacha mkono wa Edson.

"Nilisoma mstari mmoja," alisema Prudensia. "Keziah. Miaka kumi na tisa. Na mwanawe Prince."

Bibi Earline hakupiga kelele. Alivaa miwani, akachukua kipande cha karatasi, akaandika KEZIAH kwa herufi kubwa za mwalimu, akakibandika juu ya pini nyeusi. Aliutazama ukuta wake kwa muda. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta. Kisha akachukua karatasi nyingine, akamgeukia Prudensia na penseli ikiwa tayari.

"Na chini yake?"

"Sikusoma."

"Chini ya Keziah. Nani?"

"Mama, sikusoma."

Penseli haikushuka.

Harusi ilifanyika Oktoba. Bibi Earline alisimama kanisani akamtaja Keziah, na kanisa zima likaitikia. Kwenye karamu aliagiza Prudensia akae karibu naye, meza ya mbele, mahali pa heshima, na watu wa kutoka DeSoto na Arlington walimpongeza kwa kupendwa na wakwe. Hawakuona kilichowekwa kando ya sahani yake. Kiliwekwa tena Krismasi, na Krismasi iliyofuata, hata siku ya ubatizo wa mjukuu wa Prudensia, aliyeitwa Keziah: karatasi nyeupe na penseli iliyochongwa.

"Labda leo utakumbuka," Bibi Earline humwambia, kwa upole kabisa, kisha huwasogezea wengine chakula.

Na Prudensia, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, huketi mbele ya karatasi ile hadi sahani ziondolewe.