Sweta la Iringa, Jasho la Kimara

Jamani, nicheke au nilie sijui, ila siku ile ya jumuiya nyumbani kwetu Kimara niliaibika mpaka leo nikikutana na majirani dukani najifanya naongea na simu.

Ishu yenyewe ilianzia kwenye simu hiyo hiyo. Nilichaguliwa vyuo viwili, vyote shahada ya biashara, kimoja Iringa, kingine hapa hapa Mikocheni, na mnajua ukichaguliwa viwili unatumiwa namba ya siri, unathibitisha kimoja, kingine ndo basi tena. Mama alitaka Iringa, tena kwa moyo wote, kashapanga mpaka mama mdogo aje kutoka Moshi kukaa naye (mama kapata kiharusi, upande wa kulia umegoma, na tulikuwa tunaishi wawili tu, mie ndo namwogesha, mie ndo namvisha). Siku ya kuthibitisha nikamtazama anavyohangaika kufunga kitenge kwa mkono mmoja, roho ikaniuma, nikathibitisha Mikocheni. Akaniuliza, "Umethibitisha?" Nikamjibu, "Tayari mama." Sikusema tayari wapi. Nikajiambia nitamweleza kesho, kesho ikawa keshokutwa, na huku mama keshawatangazia jumuiya nzima waje kuniombea safari.

Wakaja kweli, tena na zawadi! Kila mtu kasikia Iringa kuna baridi, basi ni blanketi juu ya blanketi, soksi, chupa ya chai, na Mama Deo, mwenyekiti wetu, kaniletea sweta zito alilolifuma mwenyewe. "Hebu livae tukuone, mwanachuo wetu!" Nikalivaa, Kimara hiyo, saa nane mchana, bati linawaka juu, wakanizungushia na skafu, vigelegele vinapigwa, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope na mie najichekesha tu. Mama kakaa kwenye kiti chake anatabasamu kwa ule upande mmoja unaoweza. Mama Deo akasema, "Haya Neema, tuambie unasafiri lini, tuanze kuomba."

Nikafungua mdomo nidanganye, machozi yakanitangulia.

"Siendi Iringa," nikasema. "Nimechagua Mikocheni. Nikienda, nani atamwogesha mama?"

Wee! Aliyeshika soda hakuinywa. Yaani mie mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimetaja kuogeshwa kwa mama yangu mbele ya kina baba wa jumuiya (hapo ndipo nilitamani lile sweta linimeze). Mama akainamisha kichwa. Tangu augue maneno yanamtoka kwa shida, ikabidi wote tusubiri.

"Neema, mie niliacha nafasi yangu ya chuo nikamuuguza bibi yako. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba wewe yasikukute."

Kisha akaomba apelekwe chumbani, na nilipomsogelea nimshike akasema, "Sio wewe."

Akashikwa na Mama Deo. Mie nikabaki katikati ya sebule na sweta langu, watu wanaaga huku wanatafuta viatu vyao mlangoni, hakuna anayenitazama. Kesho yake nikahangaika kubadilisha chuo, wakaniambia dirisha limeshafungwa. Zile zawadi nikazizungusha nyumba kwa nyumba kuzirudisha, na hakuna aliyepokea, mpaka leo blanketi zimejaa juu ya kabati.

Sasa hivi nipo mwaka wa pili. Mama mdogo alikuja hata hivyo, mama alimwita, ndiye anayemhudumia kwa kila kitu. Asubuhi nikiingia na ndoo ya maji ya moto, mama ananiambia kwa upole kabisa (afadhali angenigombeza), "Nenda kasome, mwanangu." Naweka ndoo chini, natoka.

Nimeapa sitamwamulia tena mtu jambo lake eti kwa sababu nampenda, nitamuuliza kwanza, hata kama jibu naliogopa. Maana niliacha Iringa ili nimwogeshe mama yangu, na tangu siku ile hajaniruhusu hata nimshikie sabuni.