Wambui na Kiti cha Juani: Safari ya Kutafuta Jina la Ugonjwa

Ashukuriwe Mungu, aliyeuweka Mlima Kenya mahali pake na bado anamjua kila mmoja wetu aishiye chini yake. Yeye ndiye aliyetupeleka na kuturudisha. Ninawaandikia wote waliotuombea, wa karibu na wa mbali, kwa maana wengi wameniuliza, "Wambui alipatikana na nini?"

Wambui ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi Timau katika shamba la maua, akipanga waridi kwa urefu na kuzifunga mashada. Kwa muda mrefu alikuwa akiumwa viungo, homa ikija na kuondoka. Kwetu sisi wafugaji, mtu akilalamika viungo na homa tunasema ni brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi. Alidungwa sindano za brusela zikaisha, akadungwa tena. Tukamkataza maziwa. Shemeji yangu akafika hata kumkodolea macho ng'ombe wetu zizini na kusema, "Adui ni huyu."

Kisha Wambui akapiga simu. Vidole vilikuwa havikunjiki, nywele zilibaki kwenye kitana, na msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba asipopona upesi atafute kazi kwingine.

"Maitu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi mama yake, "nimechoka kupimwa. Nataka kuja nyumbani nilale tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Msichana wa umri wake hapaswi kutamani kulala tu. Nilipiga magoti nikamwambia Mungu kwamba uponyaji nitausubiri kadiri atakavyo, lakini jina la ugonjwa huo nalihitaji sasa.

Othaya niliiacha alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani ya chai. Nilipita Nyeri bila kumwona rafiki yangu yeyote, nikapita Nanyuki, na mchana nikashuka Timau, mahali ambapo upepo wa mlima hulaza ngano upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

Wambui alinifungulia mlango kwa viganja, si kwa vidole. Usoni alikuwa na doa lililotanda mashavu yote mawili na kuvuka pua. Jirani yake, aliyekuwa akifua nguo, akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu, akasema, "Shosho, hiyo ni dawa ya kunyunyizia maua."

"Ati dawa?" Wambui akamjibu. "Mbona wewe hujapata, na tunashika maua yale yale?"

Tulipokunywa chai aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye simu. Ugonjwa ulimpanda zaidi kila alipobanwa: mwezi wa maua ya wapendanao, wakati hawalali vizuri, na tena siku msimamizi alipomtisha. "Wengine wanasema ninajifanya," alisema. "Ati nikisikia kazi ni nyingi, ndipo naugua."

Nanyuki tulirudi kesho yake, kwenye zahanati moja. Daktari kijana alisikiliza, akapima damu, akasema ni brusela.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo mwizi tumemfunga mara mbili, na vitu bado vinaibwa."

Akacheka. Kisha akamwomba Wambui mkojo. Aliuangalia kwa muda, akaniambia una povu na kwamba figo zinavuja kitu zisichopaswa kuvujisha. "Shosho, nenda naye Nyeri kwa daktari mkubwa. Usikawie." Nilimbariki kijana huyo kwa kukubali kuangalia tena.

Njiani Wambui aliniomba tupitilize hadi nyumbani. Nikamwambia, "Nyumbani tutafika, lakini tutapitia kwa daktari." Hakubisha. Hakuwa na nguvu ya kubisha.

Nyeri ilitupokea kwa baridi kali, maana ilikuwa Julai. Tulilala kwa Wairimu, rafiki yangu tangu tulipokuwa wasichana wa kwaya. Siku ya kumwona daktari ilikuwa bado, basi jua lilipotoka mawinguni adhuhuri Wairimu alifanya afanyavyo kila mtu wa kwetu mwenye upendo: alitoa kiti nje.

"Huyu mtoto amejaa baridi kwa mifupa! Kuja hapa, Wambui, uote jua. Toa hiyo leso kwa uso."

Tukamketisha, mimi nikimsugua mikono. Jioni uso wake uliwaka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Usiku homa ilipanda, na asubuhi alishindwa kushika kikombe.

"Ni baridi inatoka," Wairimu alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Daktari alikuwa mama mpole. Alimtazama Wambui usoni, akauliza, "Jana ulifanya nini?"

"Niliota jua."

"Na kazini, wakati wa mapumziko?"

"Tunakaa nje, tunaota jua."

"Na akiugua nyumbani?" Aliniuliza mimi.

"Tunamtolea kiti," nikajibu, na nilipokuwa nikisema hivyo niliona njia yote ikifunguka mbele yangu.

Alichukua damu, nasi tukasubiri kwa Wairimu, mapazia yakiwa yamefungwa. Majibu yalipokuja, daktari alitueleza kwamba ugonjwa huo unaitwa lupus. Kwamba askari wa mwili wamemgeukia mwenye nyumba. Na kwamba jua huwachochea. Hauponi kabisa, lakini hutulizwa kwa vidonge vya kila siku, na figo zake zimewahiwa.

Wambui akauliza kwa sauti ndogo, "Je, ni mawazo yangu yaliyouleta?"

"Hapana. Mawazo hayakuuleta, lakini yanaweza kuuamsha. Kwa hiyo usingizi na utulivu ni sehemu ya dawa yako. Nitamwandikia msimamizi wako hivyo."

Hapo mwanangu akalia. "Kumbe ni ugonjwa," alisema. "Si uvivu."

Nami nikauliza kuhusu maziwa. Daktari akatabasamu. "Yakichemshwa, anywe." Basi ng'ombe wetu naye aliachiliwa huru.

Othaya tulirudi Jumamosi. Akina mama wa kanisa walikuja kutuona, na kabla sijafungua kinywa walikuwa wameshatoa kiti cha mgonjwa katikati ya jua. Wambui alikitazama. Alikiinua mwenyewe, kwa vidole vilivyoanza kukunjika, akakipeleka nyuma ya jikoni kwenye kivuli, akaketi.

Nikawaeleza. Walitazamana, wakajifunga shali, wakabeba viti vyao mmoja mmoja wakamfuata. Tulikunywa chai pale kivulini, yenye maziwa mengi, meno yakigongana.

"Wambui," mmoja akasema, "lupus yako itatuua na baridi!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka uanze.

Msimamizi bado hajajibu ile barua, nasi tunaendelea kuomba na kumeza vidonge. Nilichojifunza ni kwamba upendo nao lazima uulize mgonjwa anaketi wapi vizuri.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jina la kila kinachokusumbua, na watu watakaohamisha viti vyao kuja kuketi nawe. Amina.