Nilimfundisha Mama Kutuma Sauti, Sasa Ndoa Yangu Iko Kwa Kila Simu

Admin, ficha jina langu tafadhali, na picha usiionyeshe. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, naishi Galbet hapa Garissa, nimeolewa miaka minne na sina mtoto. Mume wangu anafanya biashara ya vitunguu Rhamu, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nampenda. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua nyinyi, mtakimbilia kuniambia niondoke.

Mama yangu anaishi Lafey na hajasoma. Alipokuja kunitembelea nilimnunulia simu ya kupangusa, nikamfundisha mitandao. Nilimweleza hivi: WhatsApp ni ya watu unaowajua, mnaongea wenyewe kwa wenyewe. Facebook ni kama soko la mifugo, jirani na mgeni wote wanapita. TikTok ni harusi, anayecheza ndiye anayetazamwa. Alicheka sana. "Hooyo, mimi nitakaa WhatsApp," akasema; kwetu mama humwita hata mwanawe hooyo, yaani mama. "Huko kwingine kuna kelele." Kwa vile hawezi kuandika, nikamwonyesha jinsi ya kurekodi sauti, na jinsi ya kumpelekea mtu mwingine sauti uliyotumiwa. Hilo la pili ndilo lililonimaliza.

Mimi na mume wangu tulipimwa hospitalini. Daktari akasema mimi niko sawa, tatizo liko kwake. Aliniomba akilia nisimwambie mtu, nami nikanyamaza. Watu wake hawakunyamaza. Sisi ni ukoo mmoja, na grupu la ukoo lina watu kuanzia Lafey hadi Eastleigh hadi Marekani. Shangazi yake akaweka sauti humo kwamba kijana wao atafutiwe mke wa pili, huyu aliye naye ni mti mkavu. Mama akaisikia, akanipigia akilia mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikamtumia sauti, yeye peke yake, nikamweleza yote aliyosema daktari.

Akaipeleka kwenye grupu. Msimcheke. Kwetu binti akisingiziwa, mama yake hajifungii chumbani, anapeleka ushahidi mbele ya wazee, na wazee wote siku hizi wamo kwenye grupu hilo. Aliona ananitetea.

Kufikia adhuhuri binamu yangu wa Eastleigh ananiandikia, "Cuzo, sauti yako iko TikTok, wameiwekea muziki." Facebook watu nisiowajua wanabishana kama mume wangu ni mwanamume au la. Yeye alinipigia mara moja tu. "Niko dukani," akasema. "Mwenye duka anasikiliza sauti yako. Anacheka. Bado hajajua ni mimi." Akakata. Tangu siku hiyo hajaja, wala hajanipa talaka.

Juzi adeer, ndugu wa marehemu baba, aliniletea uamuzi wa wazee. Nirekodi sauti nyingine niseme nilidanganya, tasa ni mimi. Mume wangu atarudi, ataoa mke wa pili, na heshima yake itarudi. Nikamuuliza, "Adeer, na huyo wa pili asiposhika mimba?"

Akanijibu kwa upole kabisa, "Hiyo ni ya Mungu, binti yangu. Wewe rekodi."

Msichana mwenyewe ameshatajwa. Naye ataitwa mti mkavu, nami nitakuwa nimekaa nyumba ya kando nikijua ukweli. Nikikataa, naachwa, na sijui nani atamwoa mwanamke aliyemuanika mumewe. Nimechoka. Nawaandikia hapa sokoni kwa sababu ndani hakuna tena wa kumwambia.

Mama amehamia kwangu. Chakula hagusi. Kila akimaliza kuswali ananiletea ile simu, ananishikisha mkononi. "Hooyo, wewe ndiye ulinifundisha kuipeleka. Sasa nifundishe kuirudisha." Nimemweleza kwamba haiwezekani, imeshasambaa. Ananisikiliza vizuri, anatingisha kichwa, halafu swala inayofuata anakuja nayo tena. Anaamini kuna mahali pa kubonyeza ambapo sijamwonyesha kwa sababu bado nimemkasirikia.

Adeer anakuja Ijumaa kuchukua hiyo sauti. Ndugu zangu, nishaurini, nirekodi au nikatae? Na huyu mama aliyesimama hapa mlangoni na simu mkononi, nimwambie nini?