Sisi wa Nyuma ya Shuka

Sinema ilinishika nikiwa mutoto wa miaka saba au nane, na mpaka leo haijaniacha. Wenzangu wa umri huu wanakumbuka pamba ya lazima na viboko. Mimi pia ninavikumbuka, lakini ukiniuliza ghafla, kitu cha kwanza kitakachotoka mudomoni ni picha gani ilionyeshwa Kasongo kabla ya gani, nani alianguka kwenye pipa la maji, farasi wa nani alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso. Majina ya wote waliokaa karibu yangu ninayo, mumoja mumoja, na ya mama zao. Siyaandiki. Wengi wamekufa, na wajukuu wao hawakunipa ruhusa.

Wakati ule wa Wabeleji, kamiyo, lori la sinema, ilikuwa inakuja mara mbili kwa mwaka, mara tatu kama mvua haikuharibu barabara ya Kabambare. Ilisimama kwenye uwanja karibu na soko. Wafanyakazi walifunga shuka kubwa nyeupe kati ya nguzo mbili, wakawasha motere ya umeme, na jua likizama tu sisi tulikuwa tumekaa tayari. Mbele ya shuka walikaa wanaume, Waislamu na Wakristo pamoja, na mabibi wa Kikristo pembeni yao. Nyuma ya shuka tulikaa sisi, wanawake wa Kiislamu wa muji, na mikeka yetu na watoto wetu wa kunyonya. Wazee walikuwa wamekubali tuone sinema kwa sharti hilo moja, tusichanganyike na wanaume gizani. Shuka ilikuwa nyepesi, mwanga ulipenya, tuliona yote.

Tuliona yote, lakini kinyume. Hilo wanawake hawakulijua. Kwao, watu wa sinema walifanya kila kitu kwa mukono wa kushoto: kula, kuandika, kusalimiana, kuchomoa bunduki.

"Mutazame huyu," shangazi yangu alisema siku moja, "anapeleka nyama mudomoni na kushoto. Hakuna mutu alimulea?"

"Lakini muzungu wa posta anaandikaka na kuume," jirani akamujibu.

"Wa posta ni Mubeleji. Hawa iko kabila ingine. Njo maana wanapigana kila siku, hawana adabu."

Wanawake walicheka mpaka watoto wakaamka. Mimi nilicheka kuwapita, kwa sababu nilijua. Mutoto wa kike mudogo alikuwa hafukuzwi upande wowote, na mimi nilikuwa na tabia ya kuzunguka. Siku moja niliona bunduki ya mupanda farasi iko kiuno cha kuume. Nikapita nyuma ya kamiyo, nikafika kwa mama zangu, nikaikuta kiuno cha kushoto. Nikarudi mbele. Nikarudi nyuma. Nilizunguka mpaka kifua kikaniuma, na nikaelewa.

Sikumwambia mutu. Shule sikukaa, nilijua kusoma herufi kidogo tu na sura fupi za Korani. Hiki kilikuwa kitu changu cha kwanza ambacho nilikijua mimi na wakubwa hawakijui. Nilikaa pale kati yao, wakibishana juu ya kabila la watu wa kushoto, nikanyamaza na utamu wangu.

Sasa nieleze habari ya mama.

Mwaka mumoja, wakati wa kiangazi, muzungu wa picha za sinema alikuja na mashine yake ya miguu mitatu, akaisimamisha kwenye uwanja wa mupunga, kwenye njia ya Nyangwe. Alitaka wanawake wakipepeta. Mama yangu alikuwa kati yao. Walipepeta, makapi yakaruka, muchele ukabaki safi. Muzungu akasema bado, jua limejificha. Akaamuru makapi yarudishwe kwenye lungo, wapepete tena. Mara tatu walirudisha makapi kwenye muchele safi! Mama alirudi nyumbani anasimulia, hakuweza kumaliza sentensi kwa kucheka.

Mvua zilipoanza, mama alikufa kwa kuzaa, na mutoto pia. Tulizika siku ileile, kama dini inavyotaka. Nkambo yangu, mama wa mama, alikuwa anakaa kule Wamaza. Habari ilimufikia kwa muguu, naye akaja kwa muguu, na alipoingia uwanjani kwetu udongo wa kaburi ulikuwa umekwisha kukauka. Alikaa chini mulangoni bila kutua muzigo wa kichwani.

"Uso sikuuona," alisema. "Hamukuningojea hata nione uso."

Hakurudi Wamaza. Alibaki kutulea, na neno hilo la uso alikuwa analisema akipika, akifagia, akimwogesha mudogo wangu. Kulikuwa na kitu kingine ambacho alikisema mara chache. Mama alikuwa na kovu la moto kwenye shavu la kushoto. Alipokuwa anajifunza kutambaa, nkambo alimwacha karibu na mafiga, akatoka kuita kuku, akasikia kilio. Kovu hilo nkambo alilibeba kuliko mama mwenyewe.

Kamiyo iliporudi, mufasiri wake, mutu wa mbali mwenye kofia, aliyekuwa anaeleza picha kwa Kiswahili ndani ya chombo cha kukuza sauti, alipita sokoni akitangaza: "Leo mutajiona wenyewe! Mupunga ya Kasongo!" Nilikimbia nyumbani.

"Nkambo, mama ataonekana."

"Nani ataonekana?"

"Mama. Kwenye shuka. Muzungu alimukamata kwenye mashine, anapepeta. Utaona uso."

Sinema nkambo hakuwahi kwenda, alisema ni michezo ya watu wenye tumbo lililoshiba. Siku ile alioga, akavaa nguo yake ya Idi, akanishika mukono.

Tulikaa upande wetu wa nyuma, mustari wa kwanza, karibu kabisa na shuka. Kwanza walionyesha picha ya kuchekesha, mutu anafukuzwa na polisi. Nkambo hakucheka. Kisha ukaja uwanja wa mupunga, na mwembe tunaoujua, na wanawake wakapiga kelele: "Yule! Yule! Na marehemu, masikini, mutazame marehemu!"

Mama alikuwa pale. Mukubwa kuliko nyumba. Lungo linapanda, linashuka.

Nkambo alisimama. "Huyu hapana mutoto yangu."

"Nkambo, ni yeye!"

"Kovu iko kuume. Mutoto yangu aliungua kushoto. Unataka kunifundisha? Mimi njo nilimuunguza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wamefanya mutu wa kufanana naye. Wazungu wanatuchezea."

Nikamwambia kwa haraka: ni shuka, nkambo, huku nyuma kila kitu kimegeuka, mbele kiko sawa, twende mbele. Nilikuwa ninamuvuta. Shangazi akanikamata nguo.

"We mutoto una wazimu? Mwanamuke mukubwa ukamukalishe katikati ya wanaume?"

"Shangazi, muulize yeyote, hakuna kabila la kushoto! Ni shuka!"

"Nyamaza, tunaomboleza."

Nkambo akasema, "Usinidanganye juu ya maiti, mujukuu wangu."

"Sikudanganyi. Wallahi sikudanganyi."

Kiapo ndicho kilichomuinua muguu. Tulipita juu ya mikeka, tukakanyaga vidole vya watu, tukazunguka kamiyo, nkambo akajikwaa kwenye waya wa motere na nikamushika. Tulipotokea mbele, wanaume wakageuka kutuangalia. Kwenye shuka kulikuwa na magunia ya muchele juu ya mizani, na muzungu wa kofia anatabasamu. Kisha mwanga mutupu.

Nilikwenda kwa mufasiri. Nilimuomba airudishe.

"Mama mudogo, filimu hairudi nyuma kwa sababu ya mutu mumoja. Kesho asubuhi tunaenda Lusangi."

Nkambo alimukaribia. "Baba, ule mwanamuke wa kupepeta. Kovu yake iko shavu gani?"

Mufasiri alivua kofia. Picha ile alikuwa ameionyesha katika kila kituo, na kila mara kutoka upande wa mbele. "Mama," alisema, "sikuangaliaka. Nisamehe."

Filimu ile haikurudi Kasongo. Zilikuja nyingine, na mimi niliendelea kwenda, nikakaa mbele ya shuka nilipozeeka kidogo na wazee wa sharti walipokufa. Kila mara nilingoja uwanja wa mupunga. Wanawake niliwaeleza habari ya shuka, wote, usiku uleule wa picha ya mama, nikilia. Walielewa upesi, kwa maneno machache tu. Ningeweza kuwaeleza mwaka mumoja kabla, au miwili, wakati wa kucheka, na nkambo angeletwa upande wa mbele kabla motere haijawashwa.

Nkambo aliishi nasi miaka mingi. Habari ile hatukuizungumza. Alipokuwa mugonjwa wa mwisho, nikimunywesha uji, alinizuia mukono.

"Yule wa shuka," alisema. "Ulisema kweli?"

"Kweli, nkambo. Alikuwa mama."

"Basi alikuwa mbele yangu." Alikuwa bado ameshika mukono wangu. "Na mimi niliangalia kovu tu. Macho, mudomo, sikuangalia. Alikuwa namna gani?"

Nilitaka kumweleza. Lakini dakika zile mimi nilikuwa ninamutazama yeye, ninamuvuta, ninabishana na shangazi, na mama alikuwa anapepeta nyuma ya mugongo wangu. Nilimwambia tu kwamba alikuwa muzuri, na nikaendelea kumunywesha uji.