Mwaka wa Kumfurahisha Mke

Mtaa mzima walimwita Sindano, na msidhani ni kwa sababu ya ushonaji peke yake. Alikuwa na ulimi, mama yule! Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana: cherehani dirishani, kioo kirefu ukutani, pazia la kubadilishia nguo pembeni. Humo aliwashonea magauni mabibi harusi wa kila umbo, na yeyote aliyethubutu kumuuliza, "Na wewe, dada, lini?" alichomwa pini kiunoni, eti bahati mbaya. Mvi zilikwisha kumwingia kichwani alipotokea Boflo.

Boflo alikuwa mwokaji wa mikate, mwanamume mnene, mpole, mwenye umri kama wake, ambaye naye hakuwahi kuoa. Alikuja kupunguziwa suruali. Akarudi kuongezewa suruali ileile. Aliporudi tena ipunguzwe, Sindano alimwambia, "Kaka, suruali imechoka. Sema unachotaka." Akasema. Wakafunga ndoa kanisani, Sindano akiwa ndani ya gauni alilojishonea mwenyewe, na balaa likaanzia palepale madhabahuni.

Aliyehubiri siku ile alikuwa Mwinjilisti, ambaye ndiye tajiri wa Boflo, mwenye kiwanda cha mikate. Yule bwana alizipenda sheria za ndoa za Musa kuliko alivyoupenda unga wake. Kila asubuhi aliwasimamisha vijana wa kufunga mikate, akawasomea nani asilale na nani, nani asimtazame nani, na mposaji asiguse nini mpaka lini. Wale vijana walikuwa wanajua makosa ambayo hata hayakuwahi kuwapitia akilini. Basi siku ya harusi alipaza sauti mpaka spika ikapiga mluzi: sheria za ndoa katika Torati hazijafutwa hata moja, na anayechagua ya kutii na ya kuruka ni mnafiki! Watu wakasema amina. Boflo akasema amina kubwa kuliko wote, akaenda nyumbani, akaanza kuisoma hiyo Torati, maana kwa kweli hakuwahi kuifungua.

Siku ya kurudi kazini hakurudi. Alimpelekea tajiri habari kwamba amekuta sheria: mwanamume aliyeoa mke mpya asipelekwe vitani wala asipewe shughuli yoyote, bali akae nyumbani mwaka mzima amfurahishe mkewe. Mwinjilisti alikuja mwenyewe mbiombio, unga bado umo kwenye nyusi. Akawakuta sebuleni, Boflo na Sindano, pamoja na shangazi yake Sindano aliyekuja kuwatazama maharusi.

"Mwanangu," Mwinjilisti akaanza kwa upole, "sheria hiyo ni ya wanajeshi."

"Imetaja vita, tajiri, na shughuli nyingine yoyote pia. Kuoka si shughuli?"

"Ni ya zamani mno."

"Ulisema haijafutwa hata moja."

Mwinjilisti akaichukua Biblia ya Boflo, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha uso ukamchangamka. "Haya, hapa! Pamesemwa mke *mpya*." Akazitupia jicho mvi za Sindano. "Sasa huyu, kwa heshima zote..."

"Mimi si mpya?" Sindano akaruka. "Umenijaribu wapi, Mwinjilisti, ukaniona nimetumika?"

Shangazi alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mwinjilisti alitafuta pa kuuweka uso wake asipate. Alijikongoja hadi mlangoni, akajaribu mara ya mwisho: Torati haikutaja mshahara. Boflo akasema mshahara akae nao, yeye ana akiba na ana mke. Na mlango ulipofungwa, shangazi alimsogelea mkwe wake, akamnong'oneza kwamba huko kufurahisha kulikoandikwa, kwa tafsiri yake yeye, ni mambo ya chumbani tu. Boflo akaona haya, masikio yakamwiva. "Hayo tumekwisha kuyafikia, shangazi," akajibu. "Ila mchana nao ni mrefu."

Ulikuwa mrefu kweli, jamani! Mwanzoni Sindano alitembea shingo juu. Nani mwingine mtaani mume wake amemshinda tajiri kwa maandiko? Lakini mwenzangu, jaribu kufurahishwa kutwa. Boflo aliweka kiti kando ya cherehani akamwimbia tenzi, zote, hata za mazishi. Alizipanga pini zake kwa urefu na vifungo vyake kwa rangi, na kuanzia siku hiyo hakuna kilichopatikana. Alimuuliza, "Umefurahi?" Baada ya dakika chache, "Na sasa?" Sindano akitoka msalani, alimkuta amesimama nje ya mlango, anatabasamu, ameshika taulo. Sindano alijikaza kisabuni, akawa anajibu nimefurahi, nimefurahi, huku meno yameumana.

Kule kiwandani nako mambo yalienda mrama. Vijana wa kufunga mikate waliposikia kuna likizo ya mwaka, walianza kuposa kwa fujo. Mmoja alimposa msichana aliyekuja kununua mkate tu, na msichana akamwambia ampe chenji yake kwanza. Mwinjilisti aliacha kabisa kusoma sheria asubuhi. Alianza kusifu useja.

Lakini huyo shauri yake. Taabu ilikuwa ya Sindano, na taabu yenyewe si kelele wala pini. Alikuwa ameanza kumchukia. Mume aliyemwomba kwa Mungu miaka mingi, mume mwema asiyemwinulia hata sauti, na yeye akisikia kandambili zake tu zinaburuzika koridoni, mwili unamsisimka kwa hasira. Alijiogopa. Aliona wazi kwamba mwaka ukiisha hivi, Boflo atakuwa ameitimiza sheria na ndoa itakuwa imekufa. Na angemwambiaje? Umwambie mtu anayekupenda kwa amri ya Mungu kwamba akupende kidogo?

Siku mambo yalipolipuka, alikuwa akimpima gauni bibi harusi mmoja mwenye haya nyingi. Gauni lilikuwa limefika mapajani, bado kupanda, pini zimejaa kila mahali. Pazia likafunguliwa, fyaa! Boflo huyo, birika mkononi, amejifunga aproni.

"Chai ya kumfurahisha mke wangu!"

Bibi harusi alipiga yowe, akajifunika kwa kitu cha kwanza alichokigusa, ambacho kilikuwa kitambaa cha meza, akatoka nduki mpaka barabarani na gauni la watu likiburuzika nyuma. Mama yake aliyekuwa anangoja kibarazani akamfuata, akiapa kwamba mtaa mzima utajua kuna mwanamume anayekaa kwa fundi kuchungulia wateja. Mchungulia wateja! Boflo wa watu, ambaye hata kwenye kioo hujitazama kwa kuomba radhi.

"Toka!" Sindano akafoka. "Toka, toka, toka! Nimechoka kufurahi!"

Boflo aliweka birika chini taratibu. "Basi nimeshindwa sheria," akasema.

"Sheria gani wewe? Nani kakutuma?"

"Sijui kuwa mume, Sindano." Akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. "Tangu ujana wangu najua kinyunga na tanuri, basi. Wenzangu wamejifunza wakiwa vijana. Mimi nikaona, kumbe Mungu ametoa mwaka mzima wa kujifunza. Nikasema nisipoteze hata siku moja, umri wenyewe umekwenda."

Hasira yote ikamtoka Sindano, akabaki amesimama na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Hiyo sheria imeandikwa kwa furaha ya nani?"

"Yako."

"Basi anayejua imetimia au haijatimia ni nani? Ni Mwinjilisti?"

"Ni wewe."

"Sasa nisikilize mimi, maana hakuna aliyeniuliza vizuri. Miaka yote niliyokaa dirishani hapa, kila jioni namsikia jirani wa kulia, 'Pole na kazi, baba.' Wa kushoto, 'Pole na kazi, mume wangu.' Hata yule wa nyuma ambaye wanagombana, naye anasema, kwa kununa, lakini anasema. Mimi nilikuwa nawasha redio nisisikie." Akakohoa kama mtu aliyepaliwa. "Nimepata mume. Na mpaka leo sijamwambia hata siku moja, kwa sababu haendi popote!"

Boflo akainuka, akavua aproni, akatoka nje. Sindano akadhani amemuudhi. Punde akasikia kandambili zinazunguka nyumba kwa kasi, kuku wa jirani wakitawanyika, halafu mlangoni pakagongwa.

"Hodi!" Mwanamume anahema.

"We, hiyo haihesabiki!" Sindano alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka pamoja. "Nenda kazini kabisa! Ukachoke!"

Kesho yake alfajiri Boflo alikwenda. Mwinjilisti alimkumbatia mbele ya wafanyakazi wote, akamwita mwana mpotevu, halafu akamuuliza kwa sauti ya chini kama, kwa bahati nzuri, hakuna sheria nyingine aliyoiona humo. Kutwa nzima Boflo alioka, akaunguza trei ya kwanza kwa sababu mkono ulikuwa umesahau, na kutwa nzima kule nyumbani Sindano hakushona kitu cha maana. Alifagia mara mbili. Alibadilisha kitenge. Alilifanyia mazoezi lile neno mbele ya kioo kirefu, kwa sauti nyembamba, kisha kwa sauti ya kawaida, akajiita mwehu.

Jioni kitasa kikalia. Boflo huyo, mweupe kwa unga kuanzia kichwani mpaka viatuni, mabega yameshuka, amechoka kweli. Sindano akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Sindano mwenyewe, mwenye ulimi ule!

Boflo hakuuliza kama amefurahi. Alisimama pale mlangoni na mkate chini ya kwapa, akamngoja mkewe, na alikuwa tayari kungoja mpaka usiku. Majirani wa kulia na wa kushoto walikwisha kusema ya kwao.

"Pole na kazi, mume wangu," Sindano akasema.

"Asante, mama," akajibu Boflo, akaingia ndani.